Mikono Juu, Baba Mkwe Asione

Nyanchwa, Kisii
11 Februari 2024

Kwa Mama Bonareri,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Kwamboka, ambaye ameketi hapa kwa mkeka akitafuna kifuniko cha kalamu. Tuko wazima. Jino la pili limetoka, na nikimnyonyesha ananiuma kisha anacheka. Mwanao Ogoti bado yuko Eldoret na lori la mbao, anasema baridi ya huko inaingia mpaka kwa mifupa.

Mboga ya chinsaga uliyompa jirani yako Bochaberi ilifika ikiwa na umande. Niliipika na maziwa vile ulinionyesha, nikala mpaka nikaona aibu. Asante sana.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda mimi na wewe. Masikio yako mazito hayapendani nayo, na Ekegusii yangu bado ni ya kuomba chumvi tu. Bochaberi amekubali kubeba barua kila akileta ndizi hapa Daraja Mbili. Anasema atazificha ndani ya mkungu ili zisinyeshewe.

Mama, nina habari nzuri. Unakumbuka vile ulinikuta baada ya kuzaa, pazia limefungwa mchana, mtoto amelowa, na mimi nimekaa tu naangalia ukuta. Ulituogesha sote wawili na hukuniuliza kitu. Sasa nimepona. Kila Jumapili tunakutana akina mama kwa ukumbi mmoja hapa chini ya kilima, kuna mwalimu anaitwa Emily anatufanyisha mazoezi. Anatuambia tusikie kwanza nyayo zetu zikigusa sakafu, tuvute pumzi taratibu, ndipo tuinue mkono. Siku ya kwanza nilisikia nyayo zangu nikalia, sijui kwa nini. Sasa nalala vizuri na nakula. Emily anataka nimsaidie kufundisha. Ni mazoezi tu Mama, ya kunyoosha mwili.

Baba hajambo? Ogoti anasema simu yake haishiki. Nataka tuje huko mwezi ujao na mtoto.

Mkamwana wako,
Adongo

*

Nyumbani, Nyamira
3 Machi 2024

Mwanangu Mama Kwamboka,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara nyingi, ilikuwa inanuka ndizi. Mwambie mjukuu wangu kalamu si muwa.

Sisi tuko. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume, basi. Chai inachumwa lakini wachumaji ni wachache, vijana wote wanataka bodaboda. Mwandiko wangu ni mbaya, niliachia shule darasa la saba na tangu hapo nimeandika jina langu tu kwa kituo cha chai.

Baba yenu hajambo. Anapumzika. Msije kwanza, barabara ni mbaya na mtoto atapata kikohozi.

Nimefurahi sana ukisema umepona. Siku ile nilikuogesha nilirudi nyumbani nikaomba Mungu mpaka magoti yakauma. Na sasa kwa vile nimetaja magoti, nataka nikuulize kuhusu hayo mazoezi. Ni goti langu linanisumbua. Mtu anaweza kuyafanya akiwa amekaa kwa kiti? Na kama upande mmoja ni mzito, mkono hauinuki vizuri na vidole havishiki kikombe, mtu anaanzia wapi? Na kama huyo mtu ni mkali, hataki kuambiwa?

Nijibu upesi. Ni goti tu.

Mama yako,
Bonareri

*

Nyanchwa
10 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mimi na Kwamboka. Ametambaa mpaka kwa mlango wa jirani na kurudi na kijiko si chetu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama hapo kando ya ndizi za Bochaberi, nikarudi nyumbani nikasoma tena. Mama, mimi sikusoma sana, lakini sijaona goti lenye vidole. Na goti lako sijawahi kulisikia likiwa kali.

Ni Baba?

Kama umeambiwa usiseme, usiseme. Niandikie tu habari za ndama, nami nitaelewa. Lakini ukiweza kuniambia, niambie, kwa sababu kwa darasa letu kuna mama mmoja aliyepooza upande baada ya shinikizo la damu, aliletwa akishikiliwa na wasichana wake wawili, na leo anashuka mwenyewe kwenda sokoni kubishania bei ya nyanya. Wauza nyanya ndio hawakufurahi.

Siji mpaka uniite.

Adongo

*

Nyumbani, Nyamira
21 Aprili 2024

Mwanangu,

Bwana asifiwe tena. Nimechelewa kwa sababu mvua ilikata njia ya kwenda Kisii na Bochaberi alikaa bila kupeleka ndizi. Zilimwivia nyumbani, ametulisha ndizi mbivu kijiji kizima mpaka mbuzi wakakataa.

Ndama ni mzima. Na Baba yenu ni mgonjwa.

Ilimpata Januari akiwa katikati ya chai. Upande wa kushoto ulilegea, mdomo ukapinda. Hospitali walisaidia, mdomo umerudi, maneno yamerudi yote hata yale tusiyoyahitaji. Mguu unaweza kumbeba, daktari alisema hivyo, lakini yeye hautumii. Alinikataza kumwambia Ogoti eti ataacha kazi. Simu aliizima yeye. Alikuwa mzee wa kanisa, Adongo, alikuwa anafungua milango ya kanisa Sabato kabla ya mtu yeyote, na sasa hajafika hata kwa lango letu. Wageni wakija nawaambia amelala, na yeye amekaa pale ndani macho wazi. Alitumwa msichana wa kumnyoosha viungo, akasema hawezi kushikwashikwa na mtoto wa watu. Msichana akaenda zake.

Mimi naogopa. Daktari alisema asipoufanyisha kazi huo upande, utakauka hivyo hivyo. Kwa hivyo niandikie hayo mazoezi, moja moja, na mimi nitamfundisha kama ni yangu.

Jambo lingine. Bochaberi ameniambia alikukuta kwa ukumbi umevaa suruali, muziki umefunguliwa, na ni kucheza. Akaniuliza kama najua mkamwana wangu anacheza ngoma hadharani. Nikamwambia hata yeye angecheza kidogo angepunguza mdomo. Mimi sina neno. Lakini Baba yenu asijue. Unajua chinsoni zetu, miiko ya heshima kati ya mkwe na mkamwana. Wewe na yeye hata mkono hamsalimiani, nyumba yenu haingii. Mkwe kuona mkamwana akiinua mikono na kutikisa kiuno ni kama amevuliwa nguo. Hilo ni zito, si mchezo.

Mama yako

*

Nyanchwa
28 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Pole. Pole sana kwa kubeba hayo peke yako tangu Januari. Sitamwambia Ogoti mpaka wewe useme. Kwamboka anakusalimu, anasimama sasa akishikilia ndoo.

Ni kweli ni kucheza. Nilikuficha kwa kuogopa utanikataza, na ningekatazwa sijui ningekuwa wapi. Hata kwetu kando ya ziwa wakwe wanaheshimiwa, kwa hivyo chinsoni sizichezei.

Nimemuuliza Emily, naye akasema kwa mtu wa kiti tuanze na haya. Kwanza akae wima, nyayo zote mbili chini bila viatu. Asifanye kitu. Asikie tu sakafu, mguu mzima na ule mgonjwa. Asikie ni baridi au ni joto. Avute pumzi kama mtu ananusa mahindi ya kuchoma, aitoe kama anapoza uji.

Halafu mikono. Mkono mzima uushike ule mgonjwa na kuuongoza, kama mtu anampeleka mwenzake dukani. Sisi hapa harakati zetu tunazipa majina ya kazi za nyumbani ili tusisahau. Hii inaitwa kuchuma chai. Unanyoosha mkono mbele, unachuma, unatupa chini kando ya kwapa ndani ya kikapu. Mbele, chuma, kwapani.

Mguu ni kukanyaga udongo wa kusiribia ukuta. Polepole, kisigino kwanza.

Muziki atumie wowote. Hata nyimbo za kanisa zinafaa, sisi tumejaribu.

Usimharakishe. Emily husema mwili uliotishwa ni kama kuku, ukimkimbiza hutamshika.

Adongo

*

Nyumbani, Nyamira
9 Juni 2024

Mwanangu Adongo,

Bwana asifiwe. Nina mazuri na mabaya, nianze na mazuri.

Nilipomwonyesha ile ya kuchuma chai alitazama mikono yangu. Akasema, “Nani amekufundisha kuchuma chai hivi?” Nikaendelea kuchuma. Akasema chai ya mtu huyo yote iko chini. Mwanangu, kikapu kiko mgongoni, si kwapani. Unachuma kwa mikono yote miwili mpaka viganja vijae, ndipo unatupa nyuma juu ya bega. Basi alikasirika na hiyo chai yako mpaka akanionyesha mwenyewe, na kwa kunionyesha ule mkono wa kushoto ukapanda mpaka sikioni. Nilijifanya sijaona. Kila siku baada ya chai ya saa nne nilikuwa nakosea makusudi, naye ananirekebisha. Vidole vimeanza kushika kikombe. Miguu anakanyaga akiimba.

Sasa mabaya. Nilimwita Ogoti nikamwambia ukweli, akaja siku ya Madaraka. Walilia kidogo wote wawili, kisha wakacheka. Halafu Ogoti kwa furaha yake akatoa simu, akafungua video ya darasa lenu. Akamwambia baba yake tazama, mazoezi yenyewe ni haya, ona vile wanafanya. Akamwekea simu mbele ya uso. Na aliyekuwa mbele ni wewe, na suruali yako, mikono juu.

Baba yenu alifunika macho. Akasimama. Adongo, alisimama bila kushika kitu, akatoka kwa mlango, akapita jikoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa zizi la ng'ombe. Mimi na Ogoti tulibaki tumekaa. Hakuna aliyekumbuka kumshika. Tulipomfikia alikuwa ameegemea boma, anatetemeka, na sijui ni mguu au ni hasira.

Hakumtazama Ogoti usoni mpaka alipoondoka. Aliniambia neno moja tu: “Nyumba hii haitafundishwa na mkamwana.” Amerudi kwa kiti. Hachumi, hakanyagi, haimbi. Nikikosea makusudi anaangalia pembeni. Kikombe ninamshikia tena.

Nilijua mguu unaweza. Sasa na yeye anajua, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Mama yako

*

Nyanchwa
16 Juni 2024

Mama,

Salamu. Kwamboka ametembea hatua chache jana, akaanguka kwa matako, akapiga makofi mwenyewe.

Ogoti amenipigia. Nilimkemea, halafu nikamhurumia, kwa sababu hakufikiria. Aliona baba yake anacheka akadhani mambo yote yamefunguka. Amenunua kondoo wa kumpelekea Baba kuomba msamaha, anasema atakuja naye kwa lori la mbao, na huyo kondoo ameshakula kona ya turubai.

Mama, nimefikiria sana kama niache. Nikaenda darasani Jumapili nikiwa nimeamua kumwambia Emily nimeacha. Nikawakuta wamenisubiri. Kuna msichana mgeni, amejifungua juzi, amekaa karibu na mlango na hamwangalii mtu. Nilimjua, Mama. Sijui jina lake lakini nilimjua. Nikavua viatu nikakaa chini kando yake. Sikuweza kusema naacha.

Kwa hivyo naomba nikuulize kitu, na kama ni makosa unisamehe, mimi ni mgeni wa mila zenu. Chinsoni ni za macho. Na masikio je? Kwa darasa letu kuna sehemu tunafumba macho wote, na anayefundisha anatumia sauti tu. Kama nikija nifundishe akina mama wa hapo kwenu, nyuma ya jiko ambapo Baba haoni, nikiwa na sketi ndefu na leso, je, akisikia sauti yangu akiwa ndani ya nyumba yake, nitakuwa nimemkosea?

Uliza wanaojua. Nitafanya watakavyosema.

Adongo

*

Nyumbani, Nyamira
14 Julai 2024

Mwanangu,

Kondoo amepokelewa. Ogoti ametazamwa usoni.

Nimeuliza. Nimemwuliza dada mkubwa wa Baba yenu, ambaye hakuna anayembishia. Amecheka mpaka akashika mbavu. Amesema mzee amekusikia ukiimba kanisani Sabato nyingi na hakuna aliyechinja kitu kuondoa kosa, kwa hivyo masikio hayana chinsoni. Lakini mlango wa nyumba ufungwe, na wewe usipite mbele yake.

Yeye mwenyewe sijamwambia kitu. Njoo Agosti.

Mama yako

*

Nyanchwa
25 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Tulifika nyumbani salama kutoka kwenu. Kwamboka bado anakulilia, na ndama pia, nadhani ndama zaidi. Asante kwa obokima, ule ugali wa wimbi, na kwa kunilaza kitanda kizuri.

Kwa yale mazoezi nyuma ya jiko wewe ulikuwa mbele ukinisoma midomo na kunitafsiria kwa Ekegusii, na kwa sababu huisikii sauti yako ulikuwa unapaza sauti kama mtu anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nikisema polepole “vuteni pumzi,” wewe unapiga kelele mpaka kuku wanaruka. Wale akina mama walicheka sana, hata yule mjane aliyekuja akasema hachezi, anatazama tu. Ulimwona mwisho? Alikuwa ametupa kitambaa cha kichwa kwa nyasi. Na Bochaberi alivyokuja kuchunguza akaishia mstari wa mbele.

Lakini kuna kitu wewe hukusikia, na sikuweza kukuambia pale. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na ukuta wa nyumba. Siku ya kwanza ndani kulikuwa kimya kabisa, hata kikohozi. Niliimba, nikawafundisha kukanyaga udongo, kimya. Nikafikiri nimeharibu zaidi.

Siku ya pili, tulipofumba macho, nilisema msikie nyayo zenu. Nikasikia viatu vikivuliwa. Kimoja, halafu kingine, kilichukua muda. Tulipoanza kukanyaga nikasikia kiti kinalia. Sikugeuza kichwa. Nilipunguza mwendo, ule wa mtu wa upande mzito, na akina mama wakanifuata bila kuuliza. Siku ya tatu kiti hakikulia. Nilisikia miguu, Mama. Mmoja unakanyaga, mwingine unajiburuta unafuata.

Tulipoondoka mlango ulikuwa bado umefungwa. Nilisema kwaheri kwa ukuta, kwa heshima. Sikujibiwa, na najua ndivyo inavyopasa. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu hapo. Amesema chochote? Akina mama wanakutana? Na nirudi, au nimefika mwisho?

Mkamwana wako,
Adongo

*

Nyumbani, Nyamira
29 Septemba 2024

Mwanangu Adongo,

Bwana asifiwe, na amsifu kila mwenye magoti. Mimi ni mzima, ng'ombe wazima, chai imerudi vizuri baada ya mvua.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja neno la kukuletea. Ulipoondoka Baba yenu hakusema chochote. Akina mama wakaendelea kuja, mimi nikawa mwalimu, na vile sisikii muziki walikuwa wananigusa bega tukianza na kunigusa tena tukimaliza. Yeye akawa anafunga mlango mwenyewe saa ileile. Anasimama, anatembea mpaka mlangoni, anaufunga. Mimi sikumwambia kitu. Ulisema mambo ya kuku, nami nimefuga kuku miaka yote.

Wiki iliyopita kulinyesha na akina mama wakakimbilia chini ya paa la jiko, wamebanana kama vifaranga. Kesho yake asubuhi nikamkosa kwa kiti. Nikamkosa kwa zizi. Nikatoka mpaka barabarani bila viatu, na nikamwona anarudi kutoka kwa fundi Anyona. Anatembea na fimbo, mguu unachora njia kwa matope, lakini lango alishalipita zamani. Fundi yuko nyuma yake amebeba nguzo na mabati. Nikamwuliza, “Mnajenga nini?”

Akasema hajui mimi hufanya nini na hao wanawake nyuma ya jiko, na hataki kujua. Lakini kama ni lazima tufanye, tusifanye kwa mvua. Kibanda kijengwe, wazi upande wa chai. Upande wa nyumba yake uwekwe ukuta.

Anyona akapima kimo cha mtu akaweka alama. Baba yenu akatikisa kichwa. Akasema alama ipandishwe. Anyona akapandisha. Akasema bado. Fundi akamwuliza kwani kuna twiga anaingia humo. Ndipo Baba yenu akasema, mbele yangu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia:

“Pandisha. Mkamwana wangu ni Mjaluo, ana mikono mirefu. Sitaki akifundisha ainame kwa ajili yangu.”

Alikaa nao pale tangu nguzo ya kwanza mpaka bati la mwisho, anaonyesha hapa na pale kwa mkono wa kushoto. Nilimletea kiti. Kilikaa hapo mchana kutwa, na kuku mmoja akakilalia.

Mama yako,
Bonareri